Ngemo Aliyoitisha Bibi Damari

Kabla hujamwona Bibi Damari ulikuwa umekwisha kusikia harufu yake. Ilikuwa harufu ya sabuni nyekundu ya hospitali, ile iliyokuja kwa mche mrefu na kukatwa vipande kwa uzi, nayo ilimtangulia kwenye njia ya migombani hata ukungu ukiwa mzito kiasi gani. Sisi watoto tulibishana kama ananuka au ananukia, na kwa upande wangu ubishi ule haujaisha, maana hadi leo nikipita karibu na wodi ya wazazi nafurahi na kuogopa kwa wakati mmoja. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye vifundo vinene vya vidole kwa sababu ya miaka mingi ya kufua mashuka ya wagonjwa kabla hajaingizwa chumba cha kuzalishia. Alitembea upesi kuliko umri wake na aliongea polepole kuliko subira yetu. Akikushika mkono anakukagua kucha kwanza, ndipo anaitikia shikamoo yako.

Kijiji chetu kiko juu ya Lukozi, upande unaotazama msitu wa Shume, ambako ukungu hulala mpaka saa nne na mtu hujua jirani yake ameamka kwa kusikia kikohozi chake. Ninayoyasimulia ni ya wakati wa Mwingereza, mimi nikiwa na miaka minane au tisa. Cheti cha kuzaliwa sina, na mama alihesabu umri wangu kwa mvua. Wanaume wengi walikuwa mbali, baadhi kwenye mkonge huko tambarare, baadhi kwenye chai, na waliobaki walikuwa msituni wakipasua mbao za mwangati. Baba yangu aliteremka kwenda kwenye mkonge akiwa mzima, tukaletewa habari kwamba homa imemchukua na amekwisha zikwa hukohuko. Mama alibaki na mimi na mimba, na mimba hiyo ikawa mdogo wangu Saidi, mtoto mwembamba aliyelia kwa sauti ndogo kana kwamba anaomba radhi. Aliyempokea Saidi duniani ni Bibi Damari. Sisi ni Waislamu na yeye alikuwa Mlutheri wa kuimba sauti ya pili, lakini kwenye uzazi hakuna aliyeuliza mtu anasali wapi.

Alianza kazi katika hospitali ya misheni, mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka kwetu, akiwa msichana wa enzi za Mjerumani. Aliona vita viwili vikija na kupita, akamzika mume, na watoto wa kuwazaa mwenyewe hakujaliwa. Walipoona amechoka wakampumzisha, wakampa blanketi, mwavuli mweusi na barua ya shukrani, akarudi kwenye kiwanja cha baba yake. Watu wakajua sasa ataota jua na kusubiri siku yake. Wapi! Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Haukuisha mwezi alikuwa ameizungushia chemchemi yetu ua wa miiba ili mbuzi wasiingie, amepitisha maji kwenye mianzi iliyopasuliwa, na ametukatalia tusioge mahali pa kuchota. Aliwatembelea vikongwe waliosahauliwa, akawapikia uji. Alizalisha usiku na mchana, Lukozi mpaka Shume, mvua na jua, na kwenye ngemo ya mtu yeyote alikuwa wa kwanza kufika. Wakati mwingine alikuwa kero, nikiri. Alitusugua masikio mbele za watu. Lakini ukiugua, macho yako yalimtafuta yeye kabla ya mama yako.

Hapa lazima nieleze ngemo, kwa sababu bila ngemo habari hii haieleweki. Kwetu Usambara kazi iliyomzidi mtu mmoja huitiwa ngemo. Mwenye kazi huzunguka nyumba kwa nyumba jioni, husimama mlangoni bila kuketi, husema, "Kesho nina ngemo." Anayeitwa haulizi ni kazi gani. Huuliza kitu kimoja tu, aje na jembe au aje na panga. Asubuhi watu hufika, hufanya kazi kwa nyimbo mpaka jua likae utosini, hunywa togwa, hula, hutawanyika. Halipwi mtu, ila wewe uliyekuja kwangu nami nitakuja kwako. Aliyekataa ngemo bila ugonjwa wala msiba alihesabiwa sawa na aliyekataa kuzika. Na ngemo haiendewi bila kuitwa. Huwezi kuingia shamba la mtu na jembe lako ukasema unamsaidia, maana huko ni kumtangazia kijiji kizima kwamba ameshindwa.

Mwaka ule ikaja amri ya matuta. Serikali ilisema udongo wa milima unaoshwa na mvua, kwa hiyo kila shamba la mteremko lazima lichimbwe matuta ya kukingama, mstari juu ya mstari, toka chini hadi juu. Siwezi kusema ilikuwa uongo mtupu; udongo ulikuwa ukiondoka kweli, hata watoto tuliona mto ukiwa mwekundu. Lakini wachimbaji walikuwa wanawake, wenye watoto mgongoni, na tuta moja lilikula nguvu za kulimia shamba zima kwa jembe la kawaida. Migomba ilibidi ing'olewe ili mstari unyooke. Mvua kubwa zilipokuja maji yalijaa ndani ya matuta, yakakaa, kisha yakapasua kwa pamoja na kuteremka na mahindi. Zaidi ya yote watu waliogopa kwamba shamba likishachorwa mistari na serikali, kesho litakuwa la serikali.

Basi wanawake wakakubaliana kwenye chemchemi. Nilikuwapo na kibuyu changu, na hakuna aliyeona haja ya kumfukuza mtoto. Aliyesema zaidi ni Mama Athumani, mwanamke mrefu wa sauti nzito, jirani yetu wa upande wa juu. Alisema, "Hakuna kuchimba tuta hata moja. Wakimkamata mmoja wetu, sote tuondoke na majembe yetu twende Lushoto, tukae mlangoni pa jela. Watatufunga wote? Hawana nyumba ya kututosha." Kifo cha wengi harusi, wakasema wengine, na wakacheka, ingawa cheko lenyewe lilikuwa la woga. Kila mmoja alichovya mkono majini akanawa uso, ndiyo ikawa ahadi. Bibi Damari alikuwa amesimama pembeni na mwavuli wake. Akasema, "Mimi shamba langu ni hapo uani, tambarare tupu. Lakini nimesikia." Akachovya mkono na yeye.

Bwana shamba aliyeletwa kwetu alikuwa kijana wa tambarare, mwenye soksi za mpaka magotini na mafua yasiyokwisha kwa sababu ya baridi yetu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo linanisumbua hadi leo; ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya. Shamba la mama lilikuwa kando ya njia kuu, kila mpita njia aliliona, kwa hiyo alianza na sisi. Alikuja mara ya kwanza akaeleza. Mara ya pili akaandika jina. Mara ya tatu alisimama mlangoni akikwepa macho ya mama.

"Mama, nakuomba," alisema. "Ijumaa nikirudi nikakuta hivi hivi, hapo si mimi tena. Watakuja askari wa boma wakuchukue Lushoto."

"Nimesikia, mwanangu," mama akajibu. "Hujala. Subiri kidogo ule ndizi."

Alikula, akashukuru, akaondoka akipiga chafya. Mama aliketi na kusema atakwenda jela na wenzake watamfuata, kama walivyoahidiana. Alisema kwa sauti ya mtu anayejifundisha maneno. Shida ilikuwa Saidi. Alikuwa na homa wiki ile, ananyonya mara mbili anaachia, na mbavu zake zilihesabika. Kesho yake Bibi Damari alikuja kumwangalia, akamvua nguo, akamtegea sikio kifuani kwa muda mrefu mpaka mimi nikaacha kuchezea majivu. Kisha akamfunika.

"Mtoto huyu hawezi kulala juu ya sakafu ya mahabusu," alisema. "Nimewahi kumpokea mmoja aliyetoka huko na mama yake. Nilimwosha, kisha nikamkata sanda kwenye shuka la hospitali. Siwezi tena."

"Na maneno ya kwenye chemchemi, Bibi?"

"Yapo. Lakini shamba moja tu haliharibu nchi."

Mama hakukubali, wala hakukataa. Alimkumbatia Saidi akaendelea kutazama moto. Miaka mingi baadaye nilimuuliza kwa nini hakukataa, akanijibu kwa ukali, "Wewe ungekataa?" Nilikuwa tayari nimezaa wakati huo.

Jioni ile Bibi Damari alizunguka nyumba zote kwa mwendo wake wa haraka. Alisimama kila mlango akasema ana ngemo kesho. Wakamuuliza, jembe au panga? Akasema jembe. Hakuna aliyesita, na nani angesita? Nusu ya watoto waliokuwa wakicheza uani walipita mikononi mwake, na yeye tangu arudi hakuwahi kumwitia mtu kazi. Nadhani walifurahi kwamba hatimaye wamepata nafasi ya kumlipa wema.

Asubuhi walikuja wanawake wapatao thelathini, majembe begani, wakitaniana kwamba Bibi ameficha shamba wapi siku zote hizi. Aliwaongoza wakaupita ua wake, wakashuka njia, wakaingia shambani kwa mama. Hapo kamba zilikuwa zimekwisha kuvutwa kukingama mteremko. Kelele zilikatika. Nilikuwa nimekaa na mtungi wa togwa chini ya mgomba, na nakumbuka nilisikia maji ya mto chini bondeni, ambayo kwa kawaida huwezi kuyasikia penye watu wengi.

Mama Athumani alishusha jembe. "Bibi. Umetuita tuchimbe hili?"

"Nimewaita."

"Na mkono uliochovya majini ulikuwa wa nani?"

"Wangu, mwanangu. Na mikono hii ndiyo itakayomzika Saidi mama yake akipelekwa Lushoto. Kama mna njia nyingine niambieni, nitaifuata."

Hakuna aliyekuwa na njia nyingine. Wangeweza kuondoka, lakini mtu haondoki kwenye ngemo aliyokwisha kuifikia. Mama Athumani alitema mate mikononi, akainua jembe, na wengine wakafuata. Walichimba bila wimbo. Mimi nilikuwa sijawahi kuona ngemo bila wimbo, na iliniogopesha kuliko askari ambao nilikuwa bado sijawaona. Mama alichimba kuliko wote, Saidi mgongoni, machozi na jasho vikimwagika pamoja, na kila alipomkaribia mtu yule mtu alisogea kidogo. Jua lilipofika utosini shamba lote lilikuwa na matuta. Nilipopitisha togwa kata zilirudi zimejaa. Waliondoka mmojammoja, wakiaga kama inavyotakiwa.

Ijumaa bwana shamba alikuja na askari wawili. Alipoona matuta alisimama njiani mdomo wazi. Alishuka na kifaa chake cha kupimia, akapima huku na huku, akacheka peke yake, akamshika mama mkono kwa mikono miwili. Kijana yule alifurahi kwa dhati; nafikiri alikuwa ameogopa kumfunga mwanamke mwenye mtoto kuliko mama alivyoogopa kufungwa. Akauliza nani wamechimba. Mama akageuka kumfunika Saidi. Mimi, mtoto wa watu, kwa kutaka kumfurahisha mgeni, nikasema, "Ngemo ya Bibi Damari."

Neno hilo lilisafiri. Baada ya siku chache alipanda nalo hadi kwetu Mzungu wa kilimo, akiwa na jumbe na tarishi, akatembea juu ya matuta ya mama akitikisa kichwa kwa kuridhika. Ikaitwa baraza. Jumbe alisimama akatangaza kwamba serikali imependezwa sana na wanawake wa upande huu, ambao hawakungoja kusukumwa, wamechimba kwa hiari yao kwa desturi yao wenyewe. Kwa hiyo kuanzia sasa matuta ya mlima mzima yatachimbwa kwa ngemo, kila Jumatatu, shamba kwa shamba, na asiyefika atajibu bomani. Nilimtazama Bibi Damari. Alikuwa ameketi mbele na wazee, mwavuli mapajani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeteleza kwenye daraja lakini bado hajagusa maji.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na walioamrisha mzigo ule hawakuubeba hata siku moja. Jumatatu ya kwanza tarishi alipita alfajiri akipiga kengele na kutangaza ngemo, na nilisikia wanawake ndani ya nyumba zao wakisonya. Kitu kilichokuwa chetu kilikuwa kimechukuliwa na kurudishwa kwetu na askari nyuma yake. Ile ahadi ya kwenda Lushoto pamoja ilikufa bila kutangazwa, maana ungesemaje mbele ya Mzungu kwamba hutaki matuta ilhali ulionekana ukiyachimba bila kulazimishwa? Mama Athumani peke yake alikataa. Alikaa nyumbani Jumatatu tatu mfululizo, na ya tatu askari walimfuata. Alipita mbele ya nyumba yetu akiwa katikati yao, kichwa juu, jembe begani kama alivyosema siku ile kwenye chemchemi. Nyuma yake hakuna aliyemfuata. Mama yangu alikuwa mlangoni na Saidi, naye Saidi homa ilikuwa imekwisha kumtoka, anacheka na kuku.

Walimfunga mwezi mzima. Nguruwe walimaliza mahindi yake, na aliporudi alikuwa amekonda na sauti yake nzito imepungua. Watu wakahitaji wa kumlaumu. Bwana shamba alikuwa mgeni, jumbe alikuwa wa kuogopwa, mama yangu alikuwa mjane. Akabaki Bibi Damari. Hakuna aliyemtukana, shikamoo aliendelea kupewa kama kawaida, maana kwetu hata adui mzee huamkiwa. Lakini akifika kwenye chemchemi vibuyu vilijaa haraka na njia ikawa tupu. Wanawake wawili walijifungua masika yale bila kumwita. Aliendelea kupita nyumba za vikongwe na uji wake, na kwa watu wengine alipita njiani tu, polepole sasa. Mchelea mwana kulia hulia yeye, walisema. Mimi niliusikia msemo huo nikajua unamhusu nani, na nikajua pia kwamba aliyelitaja jina lake kwa bwana shamba ni mimi. Sikumwambia mtu.

Kisha ikafika zamu ya Rehema, mke wa Athumani. Athumani alikuwa kwenye chai, na Rehema alikuwa na mimba ya kwanza chini ya uangalizi wa mama mkwe. Uchungu ulimshika Jumanne. Jumatano mkunga mwingine, kikongwe wa bondeni, alikuwa bado anasema subirini. Alhamisi asubuhi mvua ilikuwa inanyesha bila kukata, na Bibi Damari alikuja akaketi kwenye kigogo uani kwa Mama Athumani, nje, chini ya mwavuli. Hakubisha hodi. Mkunga haingii asipoitwa. Alikaa pale, maji yakitiririka pande zote, na mlio wa Rehema ukitoka ndani, ukipungua kila baada ya muda. Mama yangu alinituma nimpelekee gunia la kujifunika, akalipokea, akaniangalia kucha kwa mazoea, asizione.

Mchana Mama Athumani alitoka.

"Ingia," alisema.

Bibi Damari aliingia, na hakukaa sana. Alipotoka alikuwa ananawa mikono kwenye mvua yenyewe. "Mtoto amekaa vibaya na nadhani amekwisha tutoka," alisema. "Mama yake anaweza kupona kama atafika hospitali kesho. Inatakiwa machela na watu kumi na wawili wa kupokezana. Sasa hivi."

"Basi ita watu."

"Mimi?" Bibi Damari alitikisa kichwa. "Nikiita mimi hawatakuja, na Rehema hana muda wa kungoja tujue. Ita wewe, mwanangu."

Mama Athumani alivuka ua na kusimama kwenye mteremko, akaita kwa kile kilichobaki cha sauti yake. "Ngemo! Nina ngemo!" Na ile ngemo iliyokuwa imegeuka kengele ya tarishi, watu wakaiitikia. Walitoka wanawake na wanaume wachache waliokuwapo, wakafunga blanketi kwenye miti miwili, na ilikuwa haijatimia nusu saa machela ilipopotea kwenye ukungu, Bibi Damari akitembea kando ameshika mkono wa Rehema. Siku mbili za njia walizikata kwa siku moja na usiku. Rehema alipona. Mtoto hakuwa hai, kama Bibi alivyosema.

Baada ya hapo Bibi Damari akaanza kuitwa tena kwenye uzazi. Mama Athumani alimpelekea mkungu wa ndizi, akauweka mlangoni na kusema yameisha, na naamini kwake yalikuwa yameisha kweli. Amri ya matuta yenyewe haikuisha. Watu waliendelea kuigomea kila mmoja kwa namna yake mpaka ikafutwa, na wengi hawakuukumbuka tena ubaya wa mwanzo wake. Lakini Bibi Damari hakuitisha ngemo tena maisha yake yote. Aliishi sana, aliona Uhuru, akazeeka mpaka akawa anatembelea fimbo mbili, na bado aliendelea kufika kwenye ngemo za wengine, akiketi kando kumenyea watu ndizi. Paa lake la nyasi lilianza kuoza upande mmoja. Akaliziba kwa majani ya mgomba. Mwaka uliofuata akaliziba tena, na ilipovuja juu ya kitanda akakihamisha kitanda. Nyumba ile ilikuwa hatua mia mbili kutoka kwetu.

Alipofariki tuliingia kumtoa tukakuta amelala kwenye pembe moja tu kavu iliyobaki, blanketi lake limekunjwa vizuri, sufuria tatu zimepangwa sakafuni kukinga maji. Wanawake walisimama mle ndani wakitazama juu. Siku tatu za matanga mama yangu hakula. Mwishoni aliniambia, "Tulikuwa tunangoja atuite. Kila mwaka tulisema mwaka huu ataita, tumwezekee paa zuri. Hakuita." Nikamuuliza kama alidhani Bibi aliamini tungekuja. Akachukua ndoo akaenda kuchota maji. Nilimkasirikia mama yangu, nakiri, na hasira ile ilikaa nami muda mrefu hata baada ya kumzika yeye mwenyewe. Katika kijiji chote ni yeye aliyepaswa kuvunja desturi, kwa kuwa kwa ajili yake ilikwisha kuvunjwa mara moja. Saidi anaishi Korogwe, ana wajukuu. Mimi sikuwahi kumwambia Bibi kwamba nilimtaja, nikijitetea kwamba nilikuwa mtoto, ingawa alipokufa nilikuwa mwalimu mwenye darasa langu.

Sasa nami nimestaafu ualimu, miaka mingi imepita, na magoti yangu hayana urafiki na mteremko wowote. Lukozi ya leo ina pikipiki mpaka migombani, malori ya kabichi na karoti yanashuka kila alfajiri, na vijana wanachimba makingamaji, yale yale matuta ya kukingama, kwa kupenda kwao kwa sababu mboga bila hayo haziendi. Nikiwaeleza kwamba kuna watu walifungwa kwa hayo hayo wananitazama kwa huruma ya kumtazama mzee. Ngemo bado ipo, kwa kiasi fulani. Inaitwa kwa simu, na anayeitwa anauliza kazi gani, saa ngapi mpaka saa ngapi. Sisemi ni mbaya. Kama wangeuliza siku ile, labda yasingetokea. Kikundi chetu cha akina mama hukutana Alhamisi, na mimi ndiye mzee wao, kazi yangu ni kuchelewesha vikao kwa hadithi.

Masika haya upepo uliezua bati tatu kwenye nyumba ya msichana mmoja mjane, mwenye mapacha, aliyehamia jirani yangu mwaka juzi. Alhamisi tuliongea habari zake. Wote walisema wako tayari, ila hajasema, na mtu huwezi kumwingilia mwenzio, tungoje aseme. Nilirudi nyumbani nikakaa. Mvua ilikuwa inakuja kutoka Shume, niliiona. Nikachukua misumari iliyobaki kwenye kopo, nikajikongoja mpaka kwake, na bila kubisha hodi nikaingia uani. Alitoka na ndoo mkononi, akashangaa, akasahau hata kuniamkia.

"Mwalimu, sijakuita," alisema.

Nikamuuliza ngazi iko wapi.